Namna ya Kufuatilia Kura za Wabunge Kuhusu Fedha za Usafiri wa Umma: Mwongozo kwa Msomaji wa Bajeti ya Tanzania

Kila mwaka, Bunge linapokutana Dodoma kwa mkutano wa bajeti, maswali matatu hunifikia karibu kwa maneno yale yale. La kwanza ni la abiria wa Kimara au Mbagala, jijini Dar es Salaam, anayetaka kujua mbunge wake alipiga kura gani kuhusu mabasi ya mwendokasi. La pili ni la mwanafunzi anayetafuta orodha ya wabunge walioikataa bajeti ya reli. La tatu ni la mwandishi wa habari chipukizi aliyepewa jioni moja tu aandike nani aliunga mkono nini. Wote watatu wanatafuta kitu ambacho, kwa namna wanavyokitafuta, hakipo. Hakuna kura moja inayoitwa kura ya usafiri wa umma. Kuna mlolongo wa maamuzi unaoanza kwenye kamati na kuishia kwenye wito wa majina mwezi Juni, ambapo kila mbunge hutamka kura yake, na wito huo, ambao ndio unaotangazwa sana, ndio unaoeleza machache kuliko hatua nyingine zote.

Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kuufuata mlolongo huo kutoka mwanzo hadi mwisho kwa kutumia nyaraka zilizo wazi kwa kila mtu. Unahusu Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Msomaji wa Kenya atakuta maelezo mafupi karibu na mwisho.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, yaani Hansard, za mwaka unaoufuatilia. Hupatikana katika tovuti ya Bunge zikiwa zimepangwa kwa mkutano na kwa kikao.
- Hotuba za bajeti za wizara husika, ambazo wizara zenyewe huziweka katika tovuti zao, pamoja na taarifa za kamati za Bunge kuhusu makadirio ya wizara hizo.
- Vitabu vya makadirio vinavyotolewa na Wizara ya Fedha. Cha Kwanza ni cha mapato, cha Pili ni cha matumizi ya kawaida ya wizara, cha Tatu ni cha mikoa na serikali za mitaa, na cha Nne ni cha miradi ya maendeleo. Kwa kazi yetu, cha Nne ndicho utakachokifungua mara nyingi zaidi.
- Katiba ya Jamhuri ya Muungano na Kanuni za Kudumu za Bunge. Hakikisha toleo la Kanuni ulilonalo ndilo lililotumika mwaka unaouchunguza, kwa sababu Kanuni hurekebishwa na namba za vifungu vyake hubadilika.
- Jedwali lako mwenyewe, la kompyuta au la daftari, lenye safu za mwaka wa fedha, fungu, jina la mradi, fedha zilizoidhinishwa, fedha zilizotolewa na maelezo.

Tenga siku mbili kwa wizara moja na mwaka mmoja. Anayekuahidi kuimaliza kazi hii kwa saa moja hajawahi kuifanya.

Nadharia kidogo, kisha tuanze kazi

Ibara tatu za Katiba zinatosha. Ibara ya 99 inazuia Bunge kushughulikia mambo ya kodi na ya matumizi kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina isipokuwa kwa pendekezo la Rais linalowasilishwa na Waziri, na kwa hiyo mbunge hawezi kusimama na kuongeza mabasi hamsini kwenye bajeti, hata kama ukumbi mzima unakubaliana naye. Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge endapo litakataa kupitisha bajeti iliyopendekezwa na Serikali. Ibara ya 71 inamwondoa mbunge katika kiti chake akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichomdhamini. Ukiziweka ibara hizi tatu pamoja, hutashangaa tena kwa nini bajeti hupita kila mwaka, na utaanza kuuliza swali lenye manufaa zaidi, yaani mbunge alifanya nini kabla ya kusema Ndiyo.

Hatua ya 1: Amua ni usafiri gani, kisha utafute fungu lake

Hapa ndipo wengi wanapopotea, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilipoianza kazi hii nilipoteza siku mbili nikitafuta neno "mwendokasi" katika hotuba ya Wizara ya Uchukuzi, nikaishia kudhani kuwa mradi umeachwa. Haukuwa umeachwa, mimi ndiye niliyekuwa katika nyumba isiyo yake.

Katika bajeti ya Tanzania, kila wizara ina fungu moja au zaidi, na kila fungu lina namba. Fungu 62 ni la Uchukuzi. Humo utakuta reli, ikiwa ni pamoja na Shirika la Reli Tanzania lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017, na pia TAZARA, yaani reli ya Tanzania na Zambia, bandari, viwanja vya ndege na meli za maziwa makuu. Fungu 98 ni la Ujenzi, na humo zimo barabara kuu zinazosimamiwa na TANROADS, yaani Wakala wa Barabara. Fungu 56 ni la Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, yaani TAMISEMI.

Sasa angalia mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam, yaani mwendokasi. Ujenzi wa njia zake umekuwa ukisimamiwa na TANROADS, kwa hiyo unausoma katika hotuba ya Ujenzi. Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka, yaani DART, ulianzishwa mwaka 2007 na umekuwa chini ya TAMISEMI, kwa hiyo habari za uendeshaji wake unazisoma kwingine kabisa. Mradi mmoja, mafungu mawili, mijadala miwili katika wiki tofauti, na pengine wabunge tofauti waliosimama kuuzungumzia. Ukisoma upande mmoja tu, utaandika kuwa wabunge walinyamaza kuhusu mabasi wakati waliyazungumza wiki iliyotangulia.

Mtego mwingine ni vivuko. Kivuko cha Magogoni na Kigamboni hubeba abiria majini, na kila anayeanza hukitafuta Uchukuzi, lakini vivuko vya Serikali vimekuwa chini ya TEMESA, wakala ulio katika Wizara ya Ujenzi.

*Tahadhari:* Wizara za Ujenzi na Uchukuzi zilitenganishwa mwishoni mwa Agosti 2023. Kwa bajeti zilizosomwa muda mfupi kabla ya hapo utakuta hotuba moja ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi yenye mafungu yote mawili, na kuanzia bajeti ya 2024/2025 utakuta hotuba mbili. Usilinganishe jumla ya hotuba ya kabla ya mgawanyo na jumla ya hotuba ya baada yake ukatangaza kuwa fedha zimepungua kwa nusu. Linganisha fungu kwa fungu.

Hatua ya 2: Hakikisha mwaka wa fedha

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Hotuba iliyosomwa Mei 2024 ina sehemu mbili kubwa: utekelezaji wa bajeti ya 2023/2024 hadi mwezi fulani, mara nyingi Aprili, na maombi ya fedha ya 2024/2025. Andika mwaka kwenye jedwali lako kabla ya kuandika kiasi chochote. Kosa la kuchukua takwimu ya utekelezaji na kuiita ombi jipya ni la kawaida mno, na nimeliona hata katika kazi za watu wenye shahada mbili.

Hatua ya 3: Fungua Kitabu cha Nne na usome safu za fedha za ndani na za nje

Tafuta fungu lako, kisha mradi wako. Kila mradi huonyesha kiasi cha fedha za ndani na kiasi cha fedha za nje, yaani mikopo na misaada. Tofauti hii ina uzito katika usafiri wa umma kuliko katika sekta nyingi, kwa sababu miradi mikubwa imejengwa kwa mikopo: awamu ya kwanza ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na awamu ya pili ya Barabara ya Kilwa kuelekea Mbagala iligharimiwa kwa sehemu kubwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Bunge likipitisha fungu lenye fedha za nje, limeidhinisha matumizi, lakini kasi ya fedha hizo kuingia hutegemea masharti ya mkopeshaji pia.

Reli ina chanzo chake cha pekee, nacho ni tozo ya maendeleo ya reli iliyoanzishwa mwaka 2015 kwa kiwango cha asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingizwa nchini. Tozo kama hiyo huwekwa na kubadilishwa kupitia Sheria ya Fedha, ambayo ina kura yake, na tutaifikia katika Hatua ya 8.

Hatua ya 4: Tafuta mkutano na kikao

Katika lugha ya Bunge, mkutano na kikao si kitu kimoja. Mkutano ni kipindi kizima cha Bunge kukutana, kama ule wa bajeti unaoanza Aprili na kuisha Juni. Kikao ni siku moja ya kazi ndani ya mkutano huo. Hansard hupangwa kwa vyote viwili pamoja na tarehe. Tafuta katika magazeti ya wakati ule siku ambayo Waziri alisoma hotuba yake, kisha pakua Hansard ya kikao hicho na ya vikao vinavyofuata mpaka makadirio ya wizara yatakapopitishwa. Wizara kubwa huchukua siku mbili au zaidi, na anayepakua siku ya hotuba peke yake hukosa sehemu yote yenye uhondo.

Hatua ya 5: Soma taarifa ya kamati kabla ya mjadala

Kabla hotuba haijafika ukumbini, kamati ya sekta huwa imekwisha kuyapitia makadirio kifungu kwa kifungu. Kwa Ujenzi na Uchukuzi ni Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Miundombinu, ambayo kwa kawaida hutembelea miradi mwezi Machi na kisha kukutana na wizara. Taarifa yake husomwa mara baada ya hotuba ya Waziri. Humo kamati hueleza ni kiasi gani cha fedha za mwaka unaokwisha kilikuwa kimetolewa na Hazina, mradi gani umekwama, na ushauri upi wa mwaka uliopita haukutekelezwa.

Ukiwa na muda wa kusoma waraka mmoja tu, soma huu. Wajumbe wa kamati huuliza maswali yao wakiwa na randama mkononi, yaani kitabu cha maelezo ya kina ya makadirio, na lugha yao, ingawa ni ya heshima, ina makali. Kamati ikisema kuwa "hairidhishwi", fahamu kuwa ndani ya chumba maneno yalikuwa mazito zaidi.

Hatua ya 6: Soma mjadala, lakini usihesabu "naunga mkono hoja"

Mbunge anaweza kutumia dakika zake zote akilalamika kuwa treni imechelewa, mabasi hayatoshi na fidia ya waliobomolewa haijalipwa, kisha akamaliza kwa kusema kuwa anaunga mkono hoja. Wengine huanza na kauli hiyo ili waimalize mapema. Hiyo ni desturi ya ukumbi, na haikuambii msimamo wake kuhusu mradi wowote. Andika kwenye jedwali lako mambo matatu tu kwa kila mbunge unayemfuatilia: alitaja mradi gani, aliomba nini, na Waziri alimjibu nini wakati wa majumuisho. Waziri akipita juu ya hoja bila kuijibu, andika hivyo pia.

Hatua ya 7: Ingia Kamati ya Matumizi, na ufuate shilingi

Baada ya Waziri kuhitimisha, Bunge hukaa kama Kamati ya Matumizi. Aliyekuwa Spika au Naibu Spika katika kiti sasa huitwa Mwenyekiti, jambo linalowachanganya wengi wanaodhani kuwa mtu mwingine ameingia. Katibu hutaja vifungu, yaani sehemu za fungu, kimoja kimoja pamoja na kiasi chake, na Mwenyekiti huwahoji wabunge.

Kifungu cha kwanza, ambacho kwa kawaida ni 1001 cha utawala na rasilimali watu, ndicho chenye mshahara wa Waziri, na hapo ndipo wabunge huomba ufafanuzi wa kisera. Mbunge husimama, hueleza jambo moja mahususi, na hutoa taarifa kwamba asiporidhika na majibu ataondoa shilingi katika mshahara wa Waziri. Watu wa kawaida huita kitendo hiki kushika shilingi. Waziri hujibu. Mbunge asiporidhika, hutoa hoja ya kuondoa shilingi moja na kuwaomba wenzake wamuunge mkono. Wakimuunga mkono, hoja hujadiliwa, kisha ama mbunge huirudisha shilingi baada ya kupata ahadi, ama wabunge huhojiwa.

Kwa nini shilingi moja? Rudi kwenye Ibara ya 99. Mbunge hawezi kuongeza matumizi, kwa hiyo silaha aliyobaki nayo ni kupunguza, na kupunguza shilingi moja ni namna ya kuilazimisha Serikali isimame na kujibu hadharani bila kuuharibu mpango mzima. Wanaoicheka shilingi hii hawajasoma ahadi zinazotolewa ili irudishwe. Kwa maoni yangu, hii ndiyo kura ya kweli ya usafiri wa umma katika Bunge letu, kwa sababu hapa mbunge anasimama kwa jina lake juu ya mradi mmoja, Waziri anajibu juu ya mradi huo huo, na maneno ya wote wawili yanabaki katika Hansard.

Katika faili la Hansard, usitafute neno "shilingi" peke yake, kwa kuwa litakuletea mamia ya matokeo. Tafuta "KAMATI YA MATUMIZI" ili ufike mahali penyewe, kisha utafute "kuondoa shilingi", "kutoa shilingi", "kushika shilingi" na "narudisha shilingi". Ukifika, andika jina la mbunge, suala lake, waliomuunga mkono, ahadi ya Waziri neno kwa neno, na mwisho wa shilingi yenyewe. Ahadi hiyo utaihitaji mwaka unaofuata.

*Tahadhari ya kwanza:* Utakuta katika Hansard maneno yanayosema kuwa kifungu kilipitishwa na Kamati ya Matumizi bila mabadiliko yoyote. Usiyatafsiri kuwa hakuna aliyepinga. Yanaeleza matokeo tu.

*Tahadhari ya pili:* Muda ukikaribia kwisha, vifungu vilivyobaki hupitishwa kwa mfululizo bila maswali, utaratibu unaoitwa gilotini. Miradi ya maendeleo huja baada ya matumizi ya kawaida, kwa hiyo ndiyo hukumbwa na gilotini mara kwa mara. Ukiona kasma, yaani sehemu ya bajeti iliyotengewa kazi fulani, yenye mabilioni ya reli imepita kwa mstari mmoja, chunguza kwanza kama gilotini ilikuwa imeanza kabla hujawalaumu wabunge kwa kusinzia.

*Tahadhari ya tatu:* Uamuzi wa kupitisha makadirio ya wizara kwa kawaida ni wa sauti. Anayeongoza huwahoji, wanaoafiki husema Ndiyo, wasioafiki husema Siyo, naye hutamka upande ulioshinda. Hansard huandika kwamba hoja iliamuliwa na kuafikiwa. Majina hayaandikwi. Kwa hiyo huwezi kusema kwa uhakika kuwa mbunge fulani aliikubali au kuikataa bajeti ya Uchukuzi ya mwaka fulani, isipokuwa yeye mwenyewe alitamka hivyo katika mchango wake. Hili ndilo jibu la swali la mwanafunzi wetu wa mwanzo.

Hatua ya 8: Soma kura ya majina ya mwezi Juni kwa uangalifu

Wizara zote zikimaliza, Serikali hukutana na Kamati ya Bajeti kufanya majumuisho ya hoja nzito zilizojitokeza, na huko ndiko nafasi halisi ya kuhamisha fedha kutoka eneo moja hadi jingine hupatikana. Katikati ya Juni husomwa hotuba ya hali ya uchumi, na Waziri wa Fedha husoma hotuba ya bajeti kuu. Hufuata mjadala, kisha kura ya wazi: kila mbunge huitwa kwa jina, naye hujibu Ndiyo, Hapana, au hukataa kuamua upande wowote.

Kura hii ina majina, na kwa sababu hiyo huvutia. Lakini ni kura ya bajeti nzima. Bajeti ya 2024/2025 ilikuwa ya shilingi trilioni 49.35, na ya 2025/2026 ilikuwa ya shilingi trilioni 56.49, ndani yake mlikuwa na mishahara, deni la Taifa, shule, dawa, umeme na treni. Mbunge aliyesema Ndiyo hakusema lolote kuhusu treni, na aliyesema Hapana huenda alikuwa na ugomvi na kodi ya mafuta. Itumie kura hii kwa jambo moja tu: kujua nani alikuwepo na alisimama wapi kwa jumla. Asiyekuwepo muweke katika safu yake, na aliyekataa kuamua muweke katika safu nyingine. Kuwachanganya hawa wawili na waliosema Hapana ni kosa litakaloiondolea kazi yako yote uaminifu.

Baada ya hapo hupitishwa muswada wa kuidhinisha matumizi, kwa haraka, maana mambo yake yalikwisha kuamuliwa. Muswada wa Sheria ya Fedha, unaogusa kodi na tozo, hujadiliwa zaidi. Kama unafuatilia tozo ya reli au ushuru wa mabasi yanayoingizwa nchini, usome muswada huu na marekebisho yake, kwa kuwa hutayakuta katika fungu la wizara yoyote.

Hatua ya 9: Rudi mwaka unaofuata

Fedha zilizoidhinishwa si fedha zilizotolewa. Chukulia kuwa kituo cha mabasi kilitengewa shilingi bilioni 10, na hotuba ya mwaka unaofuata inaonyesha kuwa hadi Aprili zilikuwa zimetolewa bilioni 3. Wabunge walipiga kura, kura ikapita, na kituo hakikujengwa. Jaza safu ya fedha zilizotolewa kutoka kwenye hotuba mpya na taarifa mpya ya kamati, kisha ulinganishe na ahadi ulizoziandika katika Hatua ya 7. Je, mbunge aliyerudisha shilingi kwa ahadi alisimama tena kuidai?

Ongeza taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, lakini kumbuka kuwa zinachelewa kwa karibu mwaka: taarifa iliyokabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi 2025 inahusu mwaka wa fedha ulioishia tarehe 30 Juni 2024. Kwa mashirika ya umma kama lile la reli, fuata pia kazi ya Kamati ya Uwekezaji wa Mitaji ya Umma.

Ukikwama

*Jina la mradi halionekani katika Hansard.* Badilisha maneno. Abiria husema mwendokasi, lakini hotuba huandika "Mabasi Yaendayo Haraka", "BRT" au "DART". Treni ya umeme huandikwa "reli ya kisasa", "SGR" au kwa majina ya vipande, kama vile Dar es Salaam hadi Morogoro na Morogoro hadi Makutupora.

*Faili la Hansard halitafutiki.* Pengine limewekwa kama picha. Tumia ratiba ya kikao iliyo katika kurasa za mwanzo, kisha uhesabu kutoka mwisho, kwa sababu Kamati ya Matumizi huja mwishoni mwa kikao cha mwisho cha wizara husika.

*Takwimu za hotuba na za Kitabu cha Nne hazilingani.* Angalia kama hotuba imejumuisha fedha za Mfuko wa Barabara au mapato ya taasisi yenyewe. Kama sivyo, angalia kama kulikuwa na uhamisho wa fedha katikati ya mwaka, ambao Sheria ya Bajeti ya mwaka 2015 imeuwekea utaratibu. Andika takwimu zote mbili na utaje kila moja imetoka wapi.

*Mbunge wangu haonekani kabisa.* Tafuta kwa jina la ukoo na kwa jina la jimbo. Tafuta pia katika michango ya maandishi na katika orodha ya wajumbe wa kamati. Naibu mawaziri na mawaziri ni wabunge pia, lakini hutawakuta wakishika shilingi ya Serikali yao.

*Ninataka kujua nani alipandisha nauli.* Si Bunge. Nauli za mabasi na za treni hupangwa chini ya LATRA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Mbunge anaweza kulalamika kuhusu nauli, lakini hapigi kura juu yake.

*Ninafuatilia daladala za Unguja au barabara za Pemba.* Hayo si mambo ya Muungano. Fuata Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, lenye hansard na bajeti yake.

*Niko Kenya.* Mafungu haya hayatakusaidia. Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, makadirio hufikishwa katika Bunge la Taifa angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kwisha, na Kamati ya Bajeti na Makadirio huyapitia na kusikiliza wananchi. Bunge hilo lina uwezo mkubwa zaidi wa kuyabadilisha makadirio kuliko la Dodoma, kwa hiyo soma taarifa ya kamati hiyo kwanza. Tenganisha kwa makini Mswada wa Fedha, unaohusu kodi, na mswada wa ugavi wa fedha kwa wizara. Kura ya tarehe 25 Juni 2024, ambapo wabunge 195 waliunga mkono na 106 wakapinga, ilikuwa ya Mswada wa Fedha, na bado ninaletewa orodha ya majina hayo na watu wanaoamini kuwa inaonyesha nani alikataa fedha za barabara na reli.

*Nimejaza jedwali na safu ya kura za mbunge wangu kuhusu wizara imebaki tupu.* Iache tupu, na uandike pembeni kuwa uamuzi ulikuwa wa sauti.